WAFUNGWA WOTE SI WAMOJA

 

Hapa kwetu mtu akikamatwa tunasema neno moja tu: "Yuko buloko." Lakini wafungwa ni wa namna mbalimbali, na haki zao si moja.

1. MATEKA WA VITA. Ni askari aliyeshikwa akipigania nchi yake. Kupigana peke yake si kosa la kumhukumu. Baada ya Badri, mwaka wa 2 Hijria, Waislamu walishika Maquraishi wapata 70. Wengine walilipa fidia, wengine waliachiwa bure, na waliojua kuandika walifundisha watoto wa Madina. Mmoja wao, Abu Aziz bin Umayr, alisimulia kwamba Ansari walimpa mkate, wao wakala tende. Mkataba wa Geneva wa 1949 nao unakataza kumtesa mateka, na unataka arudishwe kwao vita vikiisha. Mkataba wa Lusaka wa Julai 1999, juu ya vita vya nchi yetu, uliagiza mateka wabadilishwe.

2. MFUNGWA WA SIASA. Huyu hakumwaga damu. Amefungwa kwa maneno yake, kwa chama chake, au kwa kuwa mkubwa hamtaki. Nabii Yusuf (a.s.) alitiwa gerezani hali wakubwa wameona dalili za usafi wake (Sura Yusuf, aya 35). Mfalme alipomwita hakutoka mbio. Alitaka kwanza jambo lake lichunguzwe (aya 50). Haki ya mtu huyu ni kuachiwa na kusafishiwa jina.

3. MHALIFU WA VITA. Ni aliyeua raia, aliyenajisi wanawake au aliyetia watoto jeshini. Thomas Lubanga alihukumiwa The Hague mwaka 2012 kwa kutumia vitani watoto wa chini ya miaka 15 huko Ituri. Hapa Katanga, Gédéon Kyungu Mutanga alihukumiwa Kipushi mwaka 2009 kwa makosa dhidi ya ubinadamu, na mwaka 2011 akatoroka Kasapa. Mtu kama huyo akijiita mfungwa wa siasa, jina halifuti damu. Hata mateka wa vita, kama aliua raia, atashitakiwa.

Ndiyo maana sheria ya msamaha ya Februari 2014 iliwasamehe waasi na wenye makosa ya siasa, ikawatoa wahalifu wa vita. Serikali yaweza kusamehe haki yake yenyewe. Damu ya aliyeuawa ni haki ya warithi wake (Al-Israa, aya 33).

Basi ndugu yangu, mtoto wa jirani akiwa Kasapa, usimwite muuaji kabla ya hukumu, wala usimwite shujaa kwa kuwa ni wa kabila lako. Uliza: alifanya nini, na nani analia kwa ajili yake? Lakini chakula umpelekee yeyote. Sura Ad-Dahr, aya 8, inawasifu wanaolisha mfungwa, wala haikutaja kosa lake.

Mwenyezi Mungu awafariji waliodhulumiwa, na atuepushe na kumdhulumu mtu. Amin. Wallahu aalam.