Kukosa Shabaha na Kutenda Kosa: Somo kutoka kwa Mpiga Upinde



Ndugu msomaji, Kiswahili chetu kina neno moja linalobeba mizigo miwili. Mvuvi wa Kibirizi aliyekesha ziwani akarudi na mtumbwi mtupu, tunasema amekosa dagaa. Aliyeiba nyavu za jirani yake, naye tunasema amekosa, yaani ametenda kosa. Neno ni lile lile, lakini mbele ya Mungu watu hawa wawili hawafanani. Je, kukosa kunakuwa kosa wakati gani?

Swali hili si la darasani tu. Hutokea kijana akaacha seminari na kurudi nyumbani, na parokiani watu wakanong'ona: "Amekosa upadre." Je, wanamhesabia bahati mbaya au dhambi? Tumwite mpiga upinde atusaidie kufikiri.

1. Lugha ya Biblia

Kiswahili hakiko peke yake. Neno la Kigiriki ambalo Agano Jipya hulitumia kwa dhambi, hamartia, linatokana na kitenzi ambacho Wagiriki wa kale walikitumia pia kwa mkuki usiofika ulikolengwa. Katika Kiebrania, kitenzi cha kutenda dhambi ndicho kinachotumika katika Waamuzi 20:16, panapotajwa mashujaa 700 wenye kutumia mkono wa kushoto, ambao kwa kombeo hawakukosa hata unywele.

Basi dhambi, kwa mfano huu, si kuvunja amri tu. Ni kupita kando ya lengo tuliloumbiwa. Lakini tuwe waangalifu: kila dhambi ni kukosa shabaha, ila si kila kukosa shabaha ni dhambi.

2. Mshale umekosea wapi?

Tumfikirie mwindaji anayemnyemelea pongo, mnyama wa vichakani anayepatikana hata katika misitu ya Gombe. Anavuta upinde, anaachia, mshale unapita juu ya mgongo, na pongo anatoweka. Sababu zaweza kuwa tatu.

Ya kwanza iko nje yake. Kitawi kimeusukuma mshale kando, au pongo amesikia mlio wa upote, ile kamba ya upinde, akainama kabla mshale haujafika. Ya pili iko mkononi: amekadiria vibaya umbali, au hajafanya mazoezi ya kutosha. Ya tatu iko moyoni: alijua haoni vizuri, alijua nyuma ya kichaka huenda kuna watu, lakini tamaa ya nyama ikamshinda akaachia.

Ya kwanza si kosa. Ya pili inamdai mazoezi, na inakuwa kosa pale anapozembea kwa kujua. Ya tatu ni kosa hata kama mshale ungempata pongo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1857, inafundisha kwamba dhambi ya mauti inahitaji mambo matatu kwa pamoja: jambo zito, ufahamu kamili na ridhaa ya makusudi. Kitawi hakina ridhaa.

Vivyo hivyo, kupata si ushahidi wa wema. Katika 1 Wafalme 22:34 askari mmoja alivuta upinde kwa kubahatisha tu, na mshale wake ukampiga mfalme Ahabu. Mshale ulifika, lakini hatuwezi kumsifu kwa shabaha.

3. Mazoezi ya kila siku

Aristotle, katika kitabu chake cha Maadili kwa Nikomako, anasema kwamba tukilijua lengo letu tutakuwa kama wapiga upinde wenye shabaha mbele yao. Baadaye anaongeza kwamba njia za kukosa ni nyingi, bali ya kupata ni moja. Ndiyo maana fadhila haiji kwa siku moja. Inajengwa kwa kurudia.

Hapa nchini Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wanalijua hilo. Watoto wao wa kiume huanza kuchezea upinde wakiwa wadogo sana. Hata hivyo, watafiti waliokaa nao miaka ya 1980 waliona kwamba mwindaji mmoja hupata mnyama mkubwa takribani mara moja tu kwa mwezi. Siku nyingine zote hutoka, hukosa, na kesho hutoka tena. Nyama ikipatikana hugawanywa kambini, hata kwa waliorudi mikono mitupu.

4. Mshale uliojeruhi

Kuna kukosa kuzito zaidi: mshale unampata mnyama lakini haumwangushi. Mwindaji mwadilifu haendi kulala akasema, "Bahati mbaya." Anafuata matone ya damu, hata mpaka kesho yake.

Nasi maneno yetu hujeruhi bila sisi kukusudia. Kusema "sikukusudia" kunajibu swali la lawama, hakujibu swali la jeraha. Aliyeumia bado anahitaji kufuatwa. Kwa sababu hiyo kitubio hakiishii kwenye maungamo. Kinadai pia malipizi, na aliyemdhuru jirani hutakiwa kurekebisha madhara kadiri awezavyo.

5. Shabaha yenyewe ni ipi?

Wamisionari wa Afrika walifika Ujiji Januari 1879. Mwaka huo huo walianzisha kituo Rumonge, kaskazini mwa ziwa letu, katika Burundi ya leo. Tarehe 4 Mei 1881 mapadre wawili na mlei msaidizi wao waliuawa huko, na kituo kikaachwa. Kwa macho ya mwaka ule, mshale ulikosa. Leo Wakatoliki ni wengi Burundi. Lakini hata wasingekuwepo, uaminifu wa wale watatu usingepungua. Walilenga kweli.

Turudi kwa kijana wetu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Lumen Gentium, sura ya tano, unafundisha kwamba waamini wote wameitwa kwenye utakatifu. Basi shabaha ni utakatifu, na upadre ni njia mojawapo. Aliyepambanua kwa moyo mnyofu akaitambua njia nyingine hajaikosa shabaha. Na anayebaki seminarini kwa ajili ya heshima tu ameshaanza kuikosa, hata kama atapata daraja.

Wahenga walisema: kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Tumpokee anayerudi mikono mitupu, na tusiite bahati mbaya yale tuliyoyachagua wenyewe.

Maswali ya tafakari

1. Jambo lililonishinda mwaka huu limekosea wapi: nje yangu, mkononi, au moyoni?
2. Ni nani nimemjeruhi bila kukusudia, na bado sijafuata matone?
3. Katika jumuiya yetu ndogo ndogo, tunampokeaje aliyeacha seminari au utawa?