Mambo ya Tarehe 25 Novemba

Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za siku moja tu ya mwaka, nayo ni tarehe 25 ya mwezi wa Novemba. Hatukuichagua kwa kuwa ni sikukuu, bali kwa kuwa katika tarehe hiyo, kwa miaka mbalimbali, wamezaliwa watu mashuhuri na wengine wamekufa. Tena ndiyo siku ambayo vita vikubwa vilivyoingia mpaka vijijini mwetu vilikwisha. Tutazitaja habari hizo moja moja kwa kufuata miaka yake. Twawaomba wasomaji, kila wasomapo habari moja, wajiulize swali hili: ni nani aliyeandikwa jina lake, na ni nani aliyeachwa? Mwishoni tutaeleza sababu ya swali hilo.

Habari ya kwanza ni ya zamani sana, mwaka wa 1120, kwa kalenda iliyotumika Ulaya zama hizo. Usiku wa tarehe 25 Novemba chombo kilichoitwa Merikebu Nyeupe kiling'oa nanga katika bandari ya Barfleur, pwani ya Ufaransa, kwenda Uingereza. Ndani yake alikuwamo William, kijana wa miaka 17, mrithi wa Henry wa Kwanza, mfalme wa Uingereza, pamoja na wakuu wengi, wanaume kwa wanawake. Yasemwa kuwa mabaharia walikuwa wamelewa. Chombo kikagonga mwamba karibu na pwani, kikazama, na watu wapatao 300 wakafa maji. Aliyepona ni mmoja tu, mchinja nyama wa mji wa Rouen, jina lake Berold. Mfalme akakosa mrithi wa kiume, na alipokufa mwaka wa 1135 jamaa zake waligombea kiti, nchi ikaingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya miaka mingi. Waandishi wa siku zile walitaja majina ya wakuu waliozama, wakataja na jina la mchinja nyama kwa kuwa ndiye aliyeleta habari. Lakini mabaharia waliovuta makasia, ukimtoa nahodha wao, walitajwa kwa jumla tu.

Mwaka wa 1835, katika mji wa Dunfermline, nchi ya Scotland, alizaliwa Andrew Carnegie, mtoto wa mfumaji wa nguo. Mashine za kufuma zilipoenea, kazi ya mikono ya baba yake haikuleta faida tena, na mwaka wa 1848 jamaa wote wakahamia Marekani. Andrew alianza kwa kazi ndogo katika kiwanda cha pamba, kisha akawa mtoto wa kupeleka barua za simu, hata mwisho akawa tajiri mkubwa wa viwanda vya chuma cha pua. Mwaka wa 1901 aliviuza viwanda vyake, na fedha nyingi akazitoa kwa kujenga maktaba, zaidi ya 2,500 katika nchi mbalimbali. Watu humsifu kwa jambo hilo, na ni haki yake. Lakini yafaa kukumbuka pia kwamba mwaka wa 1892, katika kiwanda chake cha Homestead, wafanya kazi waliogoma walipigana na walinzi wa kukodiwa, na watu wakafa pande zote mbili. Jina la Carnegie limeandikwa juu ya milango ya maktaba. Majina ya wale waliokufa kiwandani ni wachache wayajuao.

Mwaka wa 1844, tarehe hiyo hiyo, alizaliwa Karl Benz katika Mühlburg, mahali ambapo leo ni sehemu ya mji wa Karlsruhe, Ujerumani. Huyu ndiye aliyetengeneza gari la kwenda kwa nguvu ya injini ya petroli, akaliandikisha serikalini tarehe 29 Januari 1886. Lilikuwa na magurudumu matatu tu, na watu wengi walilidharau. Mwezi wa Agosti 1888 mkewe Bertha aliliondoa bila kumwambia mumewe, akasafiri pamoja na wanawe wawili kutoka Mannheim mpaka Pforzheim, mwendo wa kilomita zipatazo 100, akiliponya njiani kila lilipoharibika. Ndipo watu walipoanza kuamini kwamba motokaa yaweza kufanya safari ndefu. Wasomaji wakumbuke habari hii ya motokaa, maana tutairudia.

Mwaka wa 1915, tarehe 25 Novemba, mtaalamu Albert Einstein aliwasomea wenziwe katika Chuo cha Wataalamu cha Prussia, mjini Berlin, hesabu alizokuwa ameshindana nazo kwa miaka. Hesabu hizo zaeleza nguvu ya uvutano, yaani ile nguvu iangushayo embe kutoka mtini na kuuzuia mwezi usiiache dunia. Einstein alisema kwamba kitu kizito, kama jua, hupinda mahali palipo karibu nacho, hata nuru ipitayo hapo haiendi sawasawa. Tarehe 29 Mei 1919, jua lilipopatwa, wataalamu wa Uingereza walipima nuru ya nyota kutoka kisiwa cha Principe, Afrika Magharibi, na kutoka Sobral, nchi ya Brazil, wakaona kuwa maneno yake ni kweli. Hata leo, simu iwezayo kumwonyesha msafiri njia hutegemea hesabu zile.

Basi, siku ile Einstein alipokuwa akisoma hesabu zake Berlin, vita vikuu vilikuwa vikiendelea, na nchi zetu zilikuwamo. Vilianza huku mwezi wa Agosti 1914, manowari ya Kiingereza ilipopiga mizinga Dar es Salaam. Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, waliongozwa na Paul von Lettow-Vorbeck. Alipigana na majeshi mengi kuliko yake, akirudi nyuma kila mara, toka Tanga mpaka Rufiji, akavuka Ruvuma akaingia nchi ya Wareno, kisha Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia.

Ulaya vita vilikoma tarehe 11 Novemba 1918, na ndiyo siku ikumbukwayo duniani. Lakini huku habari haikufika upesi. Tarehe 13 Novemba watu wa Lettow-Vorbeck walikuwa wamekwisha ingia Kasama, ndipo walipomkamata mpeleka habari wa Kiingereza aliyepanda pikipiki, wakakuta barua isemayo kwamba vita vimekwisha. Kesho yake mapigano yakasimama penye mto Chambeshi, na mpaka leo pana jiwe la ukumbusho. Kisha wakaenda Abercorn, mji uitwao sasa Mbala, na huko, tarehe 25 Novemba 1918, wakaweka silaha chini mbele ya Jemadari Edwards. Wazungu walikuwa wapatao 155, na askari wa Kiafrika zaidi ya 1,100, pamoja na wapagazi wao na wanawake wao. Kwa hiyo vita vya Afrika Mashariki vilifungwa rasmi wiki mbili baada ya vita vya Ulaya.

Sasa tuirudie habari ya motokaa. Siku ile Karl Benz alitimiza miaka 74, na kazi ya mikono yake ilikuwa imeenea Ulaya na Marekani. Lakini katika vita vya huku motokaa zilikuwa chache, na njia za kupitia hazikuwapo. Farasi, nyumbu na ng'ombe waliuawa na mbung'o. Basi risasi, unga, dawa, mahema na hata vipande vya mizinga vilichukuliwa kwa vichwa vya watu. Waingereza peke yao walitumia wapagazi wapatao milioni moja kutoka nchi mbalimbali. Wengine walikwenda kwa mshahara, na wengi walikamatwa kwa nguvu. Kila mmoja alibeba mzigo wa ratli 50 hivi, siku baada ya siku, katika mvua na matope, na mara nyingi kwa chakula kichache asichokizoea na kisichopikwa vizuri. Waliouawa kwa risasi ni wachache. Walio wengi walikufa kwa kuhara damu, homa na kichomi. Watu waliochunguza habari hizi huhesabu kuwa wapagazi wa upande wa Waingereza waliokufa ni wapatao 95,000. Upande wa Wadachi hesabu ya wapagazi waliokufa haikuwekwa.

Jina la jeshi lao kwa Kiingereza lilikuwa Carrier Corps, nalo katika midomo ya watu likageuka kuwa Kariakoo, kama liitwavyo soko na mtaa wa Dar es Salaam mpaka leo. Mwaka wa 1927 sanamu ya askari ilisimamishwa katika mji huo, na mwaka wa 1928 zikasimamishwa sanamu tatu Nairobi, mmoja wao akiwa mpagazi. Ni ukumbusho mwema. Lakini mtu akienda kutafuta pale jina la babu yake, hataliona.

Tena si jina tu lililopotea. Baada ya vita fedha nyingi za mishahara ya wapagazi waliokufa zilibaki bila kulipwa, kwa kuwa jamaa zao hawakupatikana. Huyu jina lake liliandikwa vibaya. Yule kijiji chake hakikuandikwa. Mwingine alijulikana kambini kwa jina la utani. Mjane akakaa akingoja, na fedha yake ikakaa ikimngoja, wala havikukutana. Mwezi wa Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa na kukiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Tume iliomba radhi. Miaka zaidi ya 100 ilikuwa imekwisha pita.

Imesalia habari ya kusikitisha ya mwaka wa 1960. Katika Jamhuri ya Dominika, kisiwani mbali upande wa Marekani, alitawala Rafael Trujillo kwa ukali mwingi. Ndugu watatu wa kike, Patria, Minerva na Maria Teresa Mirabal, walimpinga. Tarehe 25 Novemba, walipokuwa wakirudi kutoka gerezani kuwaona waume waliofungwa, watu wa Trujillo waliwasimamisha njiani wakawaua kwa kuwapiga, kisha wakaitupa motokaa yao gengeni ili ionekane kuwa ni ajali. Watu hawakudanganyika. Mwaka uliofuata Trujillo naye akauawa, na mwaka wa 1999 Umoja wa Mataifa ukaichagua tarehe hiyo kuwa siku ya kukomesha ujeuri dhidi ya wanawake. Lakini ndani ya motokaa ile alikuwamo mtu wa nne, dereva, naye aliuawa pamoja nao. Jina lake ni Rufino de la Cruz. Wengi waisimuliapo habari hii husema "ndugu watatu" wakaishia hapo. Ndiyo maana sisi tumemtaja.

Katika miaka ya karibu tarehe hiyo imeongeza mengine. Mwaka wa 1975 nchi ya Suriname ilipata uhuru wake kwa Waholanzi. Mwaka wa 2016 alikufa Fidel Castro wa Cuba, mwenye umri wa miaka 90, na mwaka wa 2020 alikufa Diego Maradona wa Argentina, mwenye umri wa miaka 60, ambaye wapenda mpira wa kila nchi walimlilia.

Sasa tueleze sababu ya swali letu. Katika habari hizi zote, mtu aliyeandikwa twajua siku aliyozaliwa, mahali na wazazi wake, hata baada ya miaka mia mbili. Asiyeandikwa amebaki "watu wapatao kadha wa kadha." Wazee wetu hawakuwa wajinga wa kuhesabu siku, walisema mtoto huyu alizaliwa mwaka wa nzige, yule wakati wa njaa, na wenyeji walielewa. Lakini mgeni haelewi, na mwenye kulipa mshahara ni mgeni, na mwenye kuandika makaburi ni mgeni.

Basi twatoa shauri kwa kila mwenye nyumba. Nunua daftari moja, ulitunze pamoja na vitu vyako vya thamani. Mtoto azaliwapo, andika jina lake, jina la baba na la mama, mahali, siku, mwezi na mwaka. Kisha umwandikishe katika ofisi ya vizazi na vifo upate cheti chake, wala usingoje mpaka shule imtake. Mtu afapo, andika vivyo hivyo. Tena nenda kwa wazee uwaulize: ni nani wa ukoo wetu aliyekwenda vitani kuchukua mizigo? Alikwenda na nani? Alionekana mara ya mwisho wapi? Waliokwenda wenyewe wamekwisha fariki wote, na hao walioambiwa na baba zao wanazidi kupungua kila mwaka. Andika jina hata kama huna tarehe. Ukikosa siku ya mtu wako aliyepotea katika vita vile, andika 25 Novemba, useme kuwa ndiyo siku vilipokwisha naye hakurudi.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaongeza kuwa na mtu vivyo hivyo.