Hamaki, Ghadhabu na Kinyongo: Maneno ya Hasira Kali na Uzito wa Ushahidi

Utangulizi

Mara nyingi maneno ya hasira hufunzwa kama visawe: hasira, ghadhabu, ghaidhi, hamaki, mori. Orodha hiyo humfaa mwandishi wa insha anayeogopa kurudia neno, lakini huficha tofauti muhimu. Makala hii inanuia kuonyesha kuwa maneno haya hayatofautiani kwa ukali pekee, bali pia kwa wakati. Mifano imejikita mjini Awendo, Kaunti ya Migori, mji unaofahamika kwa kiwanda chake cha sukari. Huko Dholuo ndiyo lugha ya nyumbani kwa wengi, nacho Kiswahili hukutana na Kiingereza shuleni na ofisini.

Ukali na wakati

Hasira ndilo neno pana. Mtoto aliyenyimwa uji ana hasira. Mzee aliyenyang'anywa shamba ana hasira vilevile. Ghadhabu ni hasira kuu, na aghalabu huhusishwa na mwenye mamlaka: Mungu, mfalme au mzazi. Ghaidhi humjaa mtu moyoni. Mori humpanda hadi asiweze kujimudu. Hamaki huzuka ghafla, na mzizi wake wa Kiarabu unahusiana na upumbavu: anayehamaki hutenda kabla ya kufikiri. Kinyume chake ni kinyongo au mfundo, yaani hasira iliyowekwa. Mtu hahamaki mwaka mzima, wala kinyongo hakizuki kufumba na kufumbua.

Taswira za hasira

Katika Kiswahili hasira hupanda, huwaka na hushika. Dholuo nayo husema *mirima omake*, yaani hasira imemshika. Taswira hii inavuka salama: "ameshikwa na hasira." Dholuo husema pia *iye owang'*, kwa maana ya neno kwa neno kuwa tumbo lake limeungua. Hapa tafsiri sisisi hupotosha, kwani msikilizaji atadhani mtu huyo ana vidonda vya tumbo. Kiingereza kina mtego wake. Mwanafunzi anayetafsiri msemo wa Kiingereza wa kushindwa kujizuia huandika "alipoteza hasira." Amesema kinyume, kwamba hasira zimemwisha.

Neno mbele ya sheria

Darasani kosa kama hilo hugharimu alama moja au mbili. Mahakamani gharama ni kubwa zaidi. Kwa mujibu wa vifungu vya 207 na 208 vya Kanuni ya Adhabu ya Kenya, anayeua kwa jazba iliyosababishwa na uchokozi wa ghafla, kabla moyo wake haujapata muda wa kupoa, ana hatia ya kuua bila kukusudia. Muda huo ukiwa umepita, anaweza kukabiliwa na kosa la kuua kwa kukusudia, ambalo adhabu yake ya juu ni kifo.

Chukua mfano wa kubuni wa shahidi kutoka Awendo anayesema kuhusu mshtakiwa, *iye nowang'*. Msemo huo unaeleza kuwa mtu alikasirika. Peke yake hauelezi tangu lini. Mkalimani akisema "alihamaki," amemsogeza mshtakiwa upande mmoja wa sheria. Akisema "alikuwa na kinyongo," amemsogeza upande wa pili. Shahidi hakusema lolote kati ya hayo. Tafsiri ya haki ni "alikasirika," kisha mahakama imuulize shahidi hasira ilianza lini. Katiba ya 2010, Ibara ya 50, inampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya kesi haki ya kupewa mkalimani bila malipo. Haki hiyo hupungua thamani ikiwa mkalimani alifunzwa kwamba maneno yote ya hasira ni mamoja.

Hitimisho

Inapendekezwa kuwa walimu wafunze msamiati huu kwa maswali matatu: hasira ni kali kiasi gani, ilizuka lini, na imekaa muda gani? Wahenga walisema hasira hasara. Hata hivyo, hasara hiyo haimpati aliyekasirika pekee. Huweza kumpata pia yule ambaye hasira yake ilipewa jina lisilo lake.