PABLO FANQUE, MWENYE SARAKASI

Mtu anayeanza kuchuma chai kule Silibwet hufundishwa kwanza kuchagua majani mawili na chipukizi lake. Mkono hauwi mwepesi kwa siku moja. Somo letu la juma hili lamhusu mtu aliyejifunza kazi yake vivyo hivyo, ijapokuwa kazi yenyewe ilikuwa sarakasi, yaani michezo ya farasi, ya kamba na ya kupinduka.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa William Darby. Alizaliwa mwaka 1810 katika mji wa Norwich, Uingereza, naye alikuwa wa asili ya Kiafrika kwa upande wa baba. Angali mtoto aliwekwa kwa William Batty, mwenye sarakasi, ili afundishwe kazi, na mwaka 1821 alicheza mbele ya watu wa mji wake. Alijifunza kupanda farasi, kuruka, na kutembea juu ya kamba iliyokazwa. Baadaye akajiita Pablo Fanque. Lakini ustadi wake mkubwa ulikuwa kufundisha farasi. Mwaka 1841 akaanza sarakasi yake mwenyewe, akiwa na farasi wawili tu. Mwaka 1847 aliwaonyesha farasi wake katika jumba mashuhuri la Astley, mjini London.

Kazi hiyo ilikuwa ya jamaa nzima, hata watoto walifundishwa. Tarehe 18 Machi, 1848, mjini Leeds, msiba uliwafika. Mwanawe alikuwa akicheza juu ya kamba, mara roshani ya watazamaji ikavunjika, ikaanguka pamoja na watu zaidi ya 600. Aliyekufa ni mmoja tu, naye ni Susannah, mke wa Fanque.

Fanque hakuiacha kazi. Aliendelea kuzunguka mji hata mji, na mara nyingi mapato ya usiku mmoja aliyatoa kuwasaidia wenye shida. Alifariki Stockport tarehe 4 Mei, 1871, akazikwa Leeds karibu na Susannah.

Miaka mingi baadaye, Thomas Horne, kasisi wa watu wa maonyesho, aliandika kwamba katika udugu wa wapanda farasi hapakuwa na ubaguzi wa rangi, na kwamba Fanque alipanda cheo upesi. Basi, msomaji, hesabu mwenyewe: tangu mchezo wake wa kwanza hata kupata farasi wale wawili ilipita miaka 20. Huo ndio upesi wa kazi iliyo njema.