Kuosha Magurudumu ya Motokaa Nyumbani

Siku ya Jumamosi, katika nyua za Upper Hill mjini Nairobi, si ajabu kumwona mwenye motokaa akiwasili kwake, akashuka, na kabla injini haijapoa akaanza kuyamwagia maji magurudumu. Nia yake ni njema, lakini njia aliyoishika ina hasara. Gurudumu si kama mlango wala paa la gari. Ndani yake mna breki, na uchafu mwingi unaoonekana juu yake haukuletwa na barabara, bali ulitoka katika breki hizo hizo.

Upper Hill, kama jina lake linavyoonyesha, ni kilima. Zamani palikuwa na nyumba za maofisa zenye bustani kubwa. Leo nyingi zimebomolewa, na mahali pake pamesimama majumba marefu ya ofisi. Anayetoka huko kushuka mjini, ama kwa Valley Road ama kwa Haile Selassie Avenue, hana budi kukanyaga breki mara kwa mara, na msongamano wa magari humzidishia kazi hiyo. Kila breki inapokanyagwa, pedi hubana diski ya chuma, na vyote viwili hulika kidogo kidogo. Unga unaotoka hapo una chembe za chuma zenye moto, ambazo huruka na kunata juu ya rimu. Magurudumu ya mbele hupata weusi zaidi kuliko ya nyuma, maana breki za mbele ndizo zinazobeba kazi kubwa gari linaposimamishwa.

Chembe hizo zikipatwa na umande au mvua hushika kutu, zikaacha madoa madogo ya rangi ya chungwa. Watu wengi hudhani kwamba ni rimu yenyewe inayooza. Sivyo: rimu za magari mengi ya siku hizi ni za aluminiamu, nayo aluminiamu haishiki kutu nyekundu. Lakini ina ugonjwa wake. Juu ya rimu hupakwa vanishi nyembamba isiyo na rangi, na vanishi hiyo ikikwaruzwa, maji hupenya chini yake, aluminiamu ikatoa unga mweupe, na vanishi ikaanza kubanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua. Mombasa, ambako hewa ina chumvi, maradhi haya huja upesi zaidi. Tena ikumbukwe kwamba magari mengi ya Kenya huletwa kutoka Japani yakiwa yametumika kwa miaka kadhaa, hata kufikia minane. Basi vanishi yake huwa imekwisha kuchoka kabla gari halijateremshwa bandarini.

Jambo la kwanza, basi, ni kungoja. Diski ya breki iliyofanya kazi kilimani yaweza kuwa na joto kuliko maji yanayochemka mara nyingi. Ikimwagiwa maji baridi ghafula yaweza kupindika, na dereva ataijua hasara yake siku usukani utakapotetemeka mikononi mwake kila akanyagapo breki. Sabuni nayo hukauka juu ya rimu yenye moto, ikaacha madoa. Mwenye gari na aliweke kivulini, anywe chai, kisha akaribishe kiganja karibu na rimu bila kuigusa. Akisikia joto bado, na asubiri tena.

Magurudumu huoshwa kabla ya bodi, ili uchafu wake usirukie milango iliyokwisha kusafishwa. Yawe na ndoo yake na kitambaa chake, visivyochanganywa na vingine kamwe. Kitambaa kilichopita juu ya rimu kimebeba chembe za chuma, na kikipelekwa mlangoni huwa msasa. Maji kwanza, ili kulainisha na kuondoa mchanga. Kisha sabuni ya kuoshea magari na brashi ya nywele laini, gurudumu moja moja, pamoja na upande wa ndani ambao haumpendezi mtu kuufikia. Unga wa breki usipulizwe ukiwa mkavu, kwa kuwa haufai kuvutwa puani. Pedi nyingi za zamani zilikuwa na asbestosi, ambayo huleta saratani ya mapafu.

Sufu ya chuma, brashi ya waya, mchanga na majivu ni vya sufuria, si vya rimu. Sabuni ya unga ya kufulia huondoa nta inayoikinga. Wako pia waoshaji wanaopenda dawa yenye asidi kali, kwa kuwa hung'arisha upesi. Kweli hung'arisha, lakini hula vanishi, na huumiza macho na mikono ya mwoshaji. Kwa madoa yaliyokwisha kuganda, zipo dawa zinazogeuka rangi ya zambarau zinapokutana na chuma. Harufu yake ni mbaya, nazo zapasa kusuuzwa kabla hazijakauka.

Mpira wa maji hauhitajiwi. Maji mengi ya Nairobi hutoka mbali, katika bwawa la Ndakaini huko Murang'a, na mitaa mingi huyapata kwa zamu. Ndoo mbili tatu zatosha.

Rimu ikiisha kukaushwa kwa kitambaa safi, nta ya gari ipakwe juu yake, ili unga wa breki usipate kunata kwa urahisi. Mara ijayo maji na sabuni kidogo vitauondoa. Mafuta ya kung'arishia mpira yapakwe ubavuni tu. Yakifika mahali mpira unapokanyaga barabara, gari litateleza. Yakifika kwenye diski, breki hazitashika.

Hata maji matupu hupunguza nguvu ya breki kwa kitambo. Kwa hiyo baada ya kuosha, na kabla ya kuteremka kilima, dereva na aendeshe polepole mahali tambarare, akikanyaga breki kidogo mara tatu nne mpaka aone zinashika sawasawa. Gari lililolazwa likiwa na maji huamka na kutu nyembamba juu ya diski, na asubuhi breki hukwaruza kwa sauti. Kutu hiyo huondoka yenyewe baada ya kukanyaga mara chache; sauti ikiendelea, gari lipelekwe kwa fundi atazame pedi.