Jua la Utosini Moshi

Kila mwaka, karibu na tarehe 12 Machi na tena karibu na tarehe 1 Oktoba, mji wa Moshi hufikiwa na tukio la angani lisilohitaji darubini wala kiingilio. Kwa dakika chache za mchana jua hukaa juu kabisa ya mji, na kila kilichosimama wima hupoteza kivuli. Nguzo ya umeme haina kivuli pembeni yake. Chupa iliyowekwa mezani huangaza pande zote sawasawa. Wengi hupita katikati ya tukio hilo bila kuligundua, kwa sababu saa hiyo joto ni kali na kila mtu anatafuta mahali pa kujisitiri. Makala haya yanaeleza jambo hilo tangu mwanzo wake, kisha yanaonyesha jinsi mwalimu na wanafunzi wanavyoweza kulitumia kuipima dunia yenyewe.

Tuanze na kivuli. Mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka. Ukikutana na kitu kisichopitisha mwanga, sehemu iliyo nyuma ya kitu hicho hubaki na giza, na giza hilo ndilo kivuli. Urefu wa kivuli hutegemea mwelekeo wa mwanga. Jua likiwa chini, asubuhi au jioni, mwanga huja kwa kuinama na kivuli hurefuka. Kadiri jua linavyopanda, kivuli hufupika. Hivyo anayetazama kivuli anaweza kujua jua liko wapi bila kuliangalia jua lenyewe.

Neno la pili ni utosi. Kichwani mwa mtu, utosi ni sehemu ya juu kabisa. Katika elimu ya anga, utosi ni nukta iliyo juu kabisa ya mtazamaji, pale ambapo uzi wa timazi ya mwashi ungefika kama ungerefushwa kwenda juu bila mwisho. Kila mahali pana utosi wake, kwa kuwa dunia ni mviringo: uzi wa timazi wa Moshi na ule wa Marangu haziko sambamba kabisa, ingawa tofauti yake ni ndogo mno kuonekana kwa macho. Jua likifika kwenye nukta hiyo, mwanga wake hushuka sambamba na uzi wa timazi, na kitu kilichosimama wima hakina upande wa kutupia kivuli.

Sasa swali: kwa nini hili halitokei kila siku? Dunia huzunguka kwenye mhimili wake mara moja kwa siku, na huzunguka jua mara moja kwa mwaka. Mhimili huo haukusimama wima ukilinganisha na njia ambayo dunia hupita. Umeinama kwa nyuzi 23.4. Dunia ni kama pia inayozunguka huku imeegama upande mmoja: inakwenda mwaka mzima bila kubadilisha upande inaouegamia. Kwa sababu hiyo, kuna miezi ambayo nusu ya kaskazini huelekea jua zaidi, na miezi ambayo nusu ya kusini huelekea jua zaidi. Kwa sisi tulio ardhini, jua la mchana huonekana likihama polepole kwenda kaskazini hadi Juni, kisha likirudi kusini hadi Desemba.

Mipaka ya safari hiyo ni mistari miwili ya ramani. Wa kaskazini ni Tropiki ya Kansa na wa kusini ni Tropiki ya Kaprikoni, kila mmoja ukiwa nyuzi 23.4 kutoka ikweta. Mtu anayeishi nje ya mistari hiyo, kwa mfano London au Cairo, hawezi kuona jua utosini hata siku moja maishani mwake akiwa nyumbani. Anayeishi katikati yake huliona mara mbili kwa mwaka, jua likienda na likirudi. Tanzania yote imo ndani.

Tarehe hutegemea latitudo, yaani umbali wa mahali kutoka ikweta unaohesabiwa kwa nyuzi. Moshi ipo karibu nyuzi 3.35 kusini mwa ikweta. Katika mwezi wa Machi jua huenda kaskazini kwa karibu nyuzi 0.4 kwa siku, yaani kama kilomita 44 juu ya uso wa dunia, na huvuka ikweta karibu na tarehe 20. Gawanya 3.35 kwa 0.4, upate siku nane na kidogo. Rudi nyuma siku hizo kutoka tarehe 20, na utafika tarehe 11 au 12 Machi. Kwa hesabu hiyohiyo unaweza kulifuata jua nchi nzima. Mtwara hulipata utosini karibu na tarehe 22 Februari, Dar es Salaam karibu na tarehe 3 Machi, Moshi tarehe 12, Bukoba karibu na tarehe 17. Kilele cha Kibo, chenye mita 5,895, kipo kama kilomita 30 kaskazini mwa mji, kwa hiyo hulipata chini ya siku moja baada ya Moshi. Septemba na Oktoba jua hurudi kwa mpangilio uliogeuzwa, na Moshi hufikiwa tarehe 1 au 2 Oktoba.

Tofauti ya siku moja kati ya mwaka mmoja na mwingine hutokana na kalenda. Mwaka halisi wa dunia una siku 365 na karibu robo, nasi huilimbikiza robo hiyo hadi mwaka mrefu.

Kuna jambo ambalo wakazi wa Moshi wanaweza kulihakikisha wenyewe. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Septemba, jua la mchana huwa upande wa mlima, yaani kaskazini, na vivuli huelekea tambarare. Miezi mingine hali hugeuka. Tarehe 21 Juni ufito wa mita moja hutupa kivuli cha kama sentimita 50 kuelekea kusini. Tarehe 21 Desemba, kama sentimita 37 kuelekea kaskazini. Fundi anayepanga dirisha na upana wa upenu anapaswa kuyajua haya. Nyumba nyingi mpya za mjini zingekuwa na ubaridi zaidi kama yangezingatiwa.

Tuje kwenye saa. Wengi wangetarajia jua lifike juu kabisa saa sita kamili mchana, lakini Moshi haliko hivyo. Saa za Afrika Mashariki zimewekwa kwa kufuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, mstari ambao haupiti hata Tanzania. Moshi ipo kwenye nyuzi 37.3, magharibi ya mstari huo, na jua huchukua dakika nne kuvuka kila nyuzi moja. Nyuzi 7.7 ni karibu dakika 31. Juu ya hizo, mwendo wa dunia kulizunguka jua si wa kasi moja mwaka mzima, na mhimili nao umeinama. Mambo hayo mawili kwa pamoja huchelewesha jua kwa karibu dakika kumi mwezi Machi na kuliwahisha kwa karibu dakika kumi mwanzoni mwa Oktoba. Matokeo yake ni kwamba Machi jua hufika utosini Moshi karibu saa sita na dakika 40 mchana, na Oktoba karibu saa sita na dakika 20.

Jua hili lina uhusiano na mvua. Ardhi na bahari hupokea joto jingi zaidi pale jua linapokuwa utosini. Hewa iliyopashwa joto hupanuka, hupungua uzito na kupanda. Pepo kutoka kaskazini na kusini huja kujaza nafasi yake, hukutana na kupanda pamoja. Hewa inayopanda hupoa, na mvuke uliomo hugeuka mawingu. Ukanda huo wa mkutano wa pepo hulifuata jua kwenda na kurudi, ila kwa kuchelewa kwa wiki kadhaa, maana bahari na nchi kavu haviwezi kupata joto kwa siku moja. Ndiyo sababu jua hupita juu ya Moshi katikati ya Machi na masika huja kushika kasi Aprili na Mei. Na jua la Oktoba hufuatwa na vuli.

Mlima nao huongeza lake. Pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hupanda mteremko wa kusini, hupoa na kuacha maji. Moshi mjini, kwenye kimo cha karibu mita 800, hupata kama milimita 900 za mvua kwa mwaka. Msituni, kwenye mita 2,200, mvua hupita milimita 2,000. Utaratibu wa maisha ya Wachaga ulijengwa juu ya tofauti hiyo. Kihamba chenye migomba na kahawa kipo juu, shamba la mahindi na maharage lipo chini tambarare, na Machi ndio mwezi wa kushuka kupanda. Mifongo, yaani mifereji inayotoa maji kwenye vijito vya juu na kuyaleta vihambani, husafishwa kwa zamu na wenye mfongo ili maji yasikatike miezi isiyo na mvua. Huu ni ujuzi wa sayansi kamili, wa kupima mteremko wa ardhi na majira ya anga, na unastahili kufundishwa shuleni pamoja na hesabu za jua.

Wapo waliofanya hivyo kwao. Katika visiwa vya Hawaii, jimbo pekee la Marekani lililo ndani ya tropiki, siku za jua la utosini hujulikana kwa jina maalumu lililochaguliwa mwaka 1990 kwa shindano la jumba la makumbusho la Bishop Museum, na watu hutoka nje kutazama vivuli vikitoweka. Mjini Hilo, chini ya mlima Mauna Kea, jua hufika utosini karibu na tarehe 18 Mei na 24 Julai. Hapo pana kituo cha ‘Imiloa cha Chuo Kikuu cha Hawaii, kilichofunguliwa mwaka 2006, ambacho hufundisha elimu ya nyota pamoja na ubaharia wa wazee wa visiwa hivyo. Mabaharia hao walitumia utosi usiku. Nyota ya Arcturus hupita juu kabisa ya Hawaii, hivyo nahodha aliyeiona ikipita utosini alijua amefika latitudo ya nyumbani. Ngalawa kubwa ya Hōkūle‘a, iliyosafiri kutoka Hawaii hadi Tahiti mwaka 1976 bila vyombo vya kisasa, ina jina la nyota hiyo.

Moshi nayo ina nyota zake za utosini. Mwishoni mwa Januari, yapata saa tatu na nusu usiku, nyota tatu zilizojipanga mstari katika kundi la Orioni hupita karibu juu kabisa ya mji.

Tufanye sasa jaribio. Tafuta ufito ulionyooka wa mita moja na uwanja ulio sawa. Usimamishe wima kwa timazi, ukiangalia pande mbili, kwani ufito ulioinama kidogo tu utatoa kivuli hata jua likiwa utosini. Kuanzia saa sita na robo mchana weka alama kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika tano. Ncha itaonekana kama ukungu, kwa sababu jua si nukta bali ni duara lenye upana wa karibu nusu nyuzi. Chagua katikati ya ukungu huo kila mara. Kivuli kifupi kuliko vyote ndicho cha adhuhuri halisi. Usiruhusu mtoto yeyote kulitazama jua kwa macho. Onyo hili litahitajika pia tarehe 2 Agosti 2027, mwezi utakapofunika sehemu ya jua kwa watazamaji wa Moshi, kama walivyohitaji kinga ya macho maelfu waliokusanyika kutazama kupatwa kwa jua Rujewa, Mbarali, tarehe 1 Septemba 2016.

Sasa shirikiana na shule ya Morogoro. Mji huo upo karibu kusini kabisa ya Moshi, hivyo adhuhuri zao hupishana kwa dakika moja tu. Siku ambayo Moshi haina kivuli, ufito wa mita moja wa Morogoro utatoa kivuli cha kama sentimita 6.1 kuelekea kusini. Miale ya jua hutufikia ikiwa sambamba, kwa kuwa jua liko mbali sana. Kwa hiyo kivuli hicho kimeletwa na mviringo wa dunia peke yake. Eratosthenes, mzaliwa wa Kirene katika Libya ya leo, aliligundua hili zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, kwa kulinganisha Aswan na Aleksandria huko Misri.

Hesabu yake haihitaji trigonometria. Duara lenye nusu kipenyo cha mita moja lina mzingo wa sentimita 628. Gawanya 628 kwa 6.1, upate karibu 103. Maana yake, umbali wa Moshi hadi Morogoro ni sehemu moja kati ya 103 za mzingo wa dunia. Umbali huo, ukipimwa kwenye ramani kwa mstari ulionyooka na si kwa barabara, ni karibu kilomita 385. Zidisha: karibu kilomita 39,600. Mzingo halisi unaopita kwenye ncha mbili za dunia ni karibu kilomita 40,000.

Wanafunzi wa Morogoro wakikosea kwa nusu sentimita na kuandika 6.6, jibu litashuka hadi kama kilomita 36,600. Wakitumia ufito wa mita mbili, kosa lilelile la nusu sentimita litawapa kama kilomita 38,100. Kwa hiyo ufito mrefu ni bora, mradi usimamishwe wima na usiyumbe kwa upepo.