Salio kwenye skrini linasema hivi, SMS inasema vile: uamini lipi?

Mteja wetu, kuna swali linalotufikia kila mara: "Nimetuma pesa, apu inazunguka tu, salio halijabadilika. Nitume tena?" Jibu fupi ni hapana, usitume tena bado. Jibu refu ndilo somo letu la leo, kwa sababu ukijua data ya apu inavyosafiri kati ya simu yako na seva, hutalipa deni moja mara mbili.

Pesa yako haikai ndani ya simu

Pesa yako imeandikwa kwenye daftari kuu lililo kwenye seva, yaani kompyuta zinazofanya kazi usiku na mchana. Simu yako ni dirisha tu la kuchungulia daftari hilo. Hata ikianguka ndani ya ndoo ya maji, pesa haijalowa.

Ila ili apu ifunguke haraka, huweka nakala ya salio na ya miamala yako ndani ya simu. Ile kazi ya kulinganisha nakala hiyo na daftari kuu mpaka zifanane ndiyo inaitwa kusawazisha data. Zikitofautiana, daftari kuu ndilo lenye neno la mwisho. Kwa hivyo salio unaloliona bila mtandao ni salio la mara ya mwisho apu ilipoongea na seva. Huenda ni la jana.

Mtandao ukikatika katikati

Chukua mfano wa mama mboga wa Githurai. Ana shilingi 5,000 na anataka kumlipa mtu wa nyanya 2,000. Anaweka PIN akiwa kwenye matatu, anabonyeza "tuma", mtandao unapotea. Hapo kuna mambo matatu yanayoweza kuwa yametokea:

1. Ombi halikufika kwa seva. Hakuna pesa iliyotoka.
2. Ombi limefika, pesa imeshatumwa, lakini jibu limepotea njiani. Simu haijui.
3. Ombi limefika na bado linashughulikiwa.

Shida ni kwamba kwenye skrini yote matatu yanafanana: kigurudumu kinazunguka na salio bado ni 5,000. Mama akianza upya na kutuma tena, na kumbe ilikuwa ile hali ya pili, mtu wa nyanya amepata 4,000 na yeye amebaki na 1,000, hata kabla ya kutoa ada.

Utauliza, mbona mfumo usizuie? Kila ombi hupewa namba yake ya kipekee. Apu yenyewe ikijaribu tena kutuma ombi lile lile, hutumia namba ile ile, na seva inatambua kwamba kazi hiyo ishafanywa. Lakini ukianza upya, ukaandika kiasi na kuweka PIN tena, hilo ni ombi jipya lenye namba mpya. Seva haiwezi kujua kama umekosea au umeamua kununua kreti ya pili.

Fanya hivi kabla ya kutuma tena

- Ngoja dakika chache, kisha uangalie kama umepata SMS ya uthibitisho.
- Angalia salio kwa menyu ya namba za nyota, ile isiyohitaji bando. Hiyo inasoma daftari kuu moja kwa moja.
- Mtandao ukirudi, fungua apu na uvute skrini kwenda chini ili isome upya.
- Kagua saa na tarehe ya simu. Zikiwa mbali na ukweli, apu inaweza kukataa kuungana na seva, kwa sababu cheti cha usalama cha seva hukaguliwa kwa tarehe. Acha simu ijiwekee saa yenyewe.
- Kama umewasha hali ya kuokoa betri au bando, apu huenda isisome chochote mpaka uifungue mwenyewe.

Usifute apu ukidhani utasimamisha malipo. Ombi likishafika kwa seva, kufuta apu hakulirudishi.

Ukibadilisha simu

Ukiingia kwenye apu ukitumia simu mpya, salio na historia ya miamala vitarudi, maana viko kwenye seva. Vile vilivyo ndani ya simu pekee havirudi vyenyewe: SMS za zamani, picha za risiti, na majina uliyohifadhi kwenye simu tu. Washa nakala ya akaunti ya Google, au iCloud kwa wenye iPhone, kabla simu ya zamani haijakutoka mkononi.

Kabla ya kuiuza, toka kwenye apu, ondoa laini, kisha ufute kila kitu kilichomo. Ikiibiwa, funga laini mara moja. Mwizi akishika laini yako anaweza kupokea namba za uthibitisho zinazotumwa kwako.

Kwa wenye duka

Skrini ya mteja ni nakala yake, si daftari lako. Pengine ni picha ya malipo ya wiki jana. Hata SMS inaweza kughushiwa. Kabla ya kutoa mzigo, hakikisha pesa imeingia kwa kuangalia salio lako mwenyewe. Mteja wa kweli hatakasirika kungoja dakika moja.

Ukikagua yote na bado hesabu hazilingani, tupigie ukiwa na namba ya mwamala, au kiasi na saa uliyotuma. Tutatafuta kwenye daftari kuu. PIN yako hatutaiuliza, na yeyote anayeiuliza si mmoja wetu.